Sola kwenye pikapu ya kempa: ya paani, ya kubeba, au altaneta inatosha?

Ushauri mwingi wa sola kwa pikapu ya kempa, ile yenye chumba cha kulala kilichopakiwa kwenye bodi, umeandikwa na Wamarekani, Wakanada na Waaustralia. Wana haki, maana magari haya waliyazoea kabla yetu. Lakini jua lao si letu. Mtu wa Denver, kwenye latitudo ya karibu digrii 40 kaskazini, akilaza paneli bapa juu ya paa mwezi Desemba, saa sita mchana anavuna chini ya nusu ya kile ambacho paneli hiyohiyo ingevuna ikitazamana na jua. Ndiyo maana jibu lao la kwanza huwa: nunua paneli ya kubeba, isimamishe, ielekeze juani. Kwake ni ushauri wa maana. Ukiuleta Arusha au Nairobi kama ulivyo, utalipia dawa ya ugonjwa ambao huna.

Angalia hesabu yenyewe. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua linapokuwa limeenda mbali kaskazini, saa sita mchana linakaa kama digrii 25 kutoka utosini, na paneli iliyolala bapa inapoteza asilimia 9 hivi. Desemba inapoteza 7 au 8. Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini, mwezi wake mbaya ni Juni: kama asilimia 14. Desemba haifiki 5. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la Dar linapita juu kabisa ya kichwa, hupotezi kitu. Na siku za mawingu, zile za Julai Nairobi au Lushoto ambazo jua halionekani mpaka jioni, kuinamisha paneli hakuna faida yoyote, kwa sababu mwanga unakuja kutoka anga zima na paneli iliyolala inaupata wote.

Kwa hiyo sababu kubwa ya kununua paneli ya kubeba kule kwao, huku kwetu ni ndogo. Yetu ni nyingine: kivuli. Mtu mwenye akili zake haegeshi juani. Naivasha unajibanza chini ya migunga, Ruaha unatafuta mkwaju, Pangani unaingia minazini. Chumba cha kempa kilichoachwa juani hadi saa nane mchana hakikaliki, na friji iliyomo ndani haipumziki. Gari linataka kivuli na paneli inataka jua, na ugomvi huo ndio unaopaswa kuamua ununue nini.

Friji kwanza, mengine baadaye

Kabla ya kulinganisha paneli, ujue unakula umeme kiasi gani. Taa za LED, simu mbili, pampu ya maji, hata kompyuta ndogo ya mkononi, vyote kwa pamoja ni vitu vya wati-saa 150 kwa siku. Havina tabu. Mlaji ni friji ya kompresa ya volti 12. Ya lita 40 au 50 inavuta wati 35 hadi 50 ikiwa inafanya kazi, kisha inapumzika, kisha inaanza tena. Karatu au Nanyuki, ambako usiku ni baridi, itakula kama wati-saa 300 kwa siku. Ukiishusha Kilwa mwezi Februari, uifungue kila mtoto anapotaka soda, hesabu 500 hadi 600. Ongeza feni ndogo ya kulalia, wati 20 kwa saa nane, na safari ya pwani imeshafika wati-saa 800.

Betri ya ampia-saa 100 ya lithiamu (LiFePO4) ina wati-saa 1,280, na karibu zote unaweza kuzitumia. Ya asidi, au AGM (ya asidi iliyofungwa), yenye namba hiyohiyo, usiishushe chini ya nusu kama unaipenda, kwa hiyo hesabu 600 tu. Maana yake ni hii: mwenye betri ya AGM na friji pwani anaamka asubuhi akiwa ameshagusa mpaka wake, na jua la siku hiyo lazima limrudishie kila kitu. Mwenye lithiamu ana siku ya ziada ya kupumua. Wakati mwingine pesa uliyotaka kuiweka kwenye paneli ya pili ingefanya kazi zaidi kwenye betri.

Ya paani

Paneli ya kioo yenye fremu ya alumini, ile inayofungwa kwenye nyumba, ndiyo wati za bei rahisi kuliko zote sokoni. Kariakoo au Luthuli Avenue, kila wati moja ya paneli ya kukunja itakugharimu mara mbili au zaidi ya wati moja ya kioo. Ya wati 200 ina uzito wa kilo 11 au 12. Ukiifunga umemaliza: inachaji ukiendesha, inachaji ukiwa sokoni, inachaji gari likiwa limelala nyumbani mwezi mzima bila safari, na hilo la mwisho ndilo linaloiokoa betri ya wengi. Mtu asiyesafiri kila wiki mara nyingi anaua betri kwa kuisahau.

Kwa saa tano za jua kamili kwa siku, na ukikata joto, vumbi, waya na hasara nyingine, wati 200 za paani zinakupa kama wati-saa 700. Friji ya nyanda za juu inatoshelezwa na chenji inabaki. Mzigo wote wa pwani, wa wati-saa 800, unakaribia kutoshelezwa.

Ina adui watatu. Wa kwanza ni kivuli, na si lazima kiwe kikubwa. Tawi moja likitua kwenye seli chache tu, theluthi ya paneli au nusu yake inaweza kunyamaza. Ukijificha kabisa chini ya mti, paneli ya paani ni pambo.

Wa pili ni joto. Paneli inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa la kempa saa saba mchana inafika 65 bila shida, na kila nyuzi moja inakata asilimia 0.3 hadi 0.4, kwa hiyo kwenye 100 umeshapoteza 12 hadi 16. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya paneli na paa ili upepo upite. Zile paneli nyembamba zinazopinda, za kubandika kwa gundi moja kwa moja paani, mimi sizipendekezi kabisa: hazina pa kupumulia, na barabara ya changarawe yenye mawimbi inazitikisa mpaka seli zinapasuka nyufa usizoziona kwa macho.

Wa tatu ni vumbi, na huyu hatajwi vya kutosha. Ukishamaliza barabara ya Amboseli, lile vumbi jeupe la ziwa kavu limelala juu ya kioo kama unga. Kitambaa chenye maji kila jioni kinarudisha wati nyingi kuliko kuinamisha kokote. Weka ngazi mahali pa kufikika.

Jambo moja la kuangalia kwa wenye kempa ya paa linaloinuka: paa hilo linainuliwa na shokapu za gesi zilizopangwa kwa uzito wa paa peke yake. Ukiongeza kilo 12, paa linaweza kuanza kushuka lenyewe usiku. Uliza shokapu za nguvu zaidi kabla ya kufunga. Na kama juu kuna hema la kukunjua, basi paa huna, na mjadala wa ya paani umekwisha kwako.

Ya kubeba: sanduku au kitambaa

Za kubeba ziko za aina mbili, na watu wanazichanganya. Ya sanduku ni paneli mbili za kioo zenye bawaba katikati, miguu ya kuinamishia nyuma na mpini wa kushikia. Wati 100 za namna hii ni kilo 10 hadi 12, na ukiibeba mkono mmoja kutoka kwenye gari hadi kwenye jua, utaijua. Ya kitambaa inakunjwa mara nne au zaidi, wati 100 zina kilo 4 au 5, na inaingia nyuma ya kiti.

Kwa mtu anayesafiri kwa pikapu, ambapo uzito si shida kama kwa mtembea kwa miguu, ya sanduku inashinda kwa kila kitu isipokuwa nafasi. Kioo hakichubuki kwa mchanga. Kinafutika. Kinasimama kwenye upepo wa kawaida kwa sababu ya uzito wake. Kitambaa cha nje cha zile nyingine kinakaa sawa miaka miwili mitatu, kisha jua letu na chumvi ya pwani vinaanza kuumeza mshono, na pale kwenye mikunjo ndipo nyaya zinapochoka. Ukiitandaza kwenye mchanga wa moto inapata joto kuliko hata ya paani. Faida yake halisi ni moja: inawekwa popote, hata juu ya boneti, hata ikaning'inizwa mlangoni. Kwa familia ya gari dogo ningeielewa.

Na hapa kwenye za kitambaa ndipo wati za uongo zilipojaa. Chukua futi ya kupimia. Jua kamili lina wati 1,000 hivi kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za leo zinageuza asilimia 20 hadi 23 kuwa umeme. Kwa hiyo wati 100 zinahitaji karibu nusu mita ya mraba ya weusi wenyewe, bila kuhesabu kingo na mifuko. Mswala mmoja wa kuswalia, ukiwa mweusi wote, ni kama wati 150. Muuzaji akikutandazia kitu cha ukubwa huo na kusema wati 300, mwache aendelee na mteja mwingine.

Upande wa mavuno, paneli ya kubeba ikigeuzwa asubuhi, saa sita na jioni, siku ya jua kavu, inatoa kama robo zaidi ya iliyolala bapa. Faida hiyo haitoki saa sita, inatoka saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, jua likiwa chini. Inapata pia upepo mgongoni, kwa hiyo haichemki sana. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuigeuza.

Mtu atauliza: nikiwa mbugani, gari lote linaondoka na kempa yake kwenda kutazama wanyama, hiyo ya kubeba itachaji nini? Swali zuri, na jibu lake ni zuri pia. Wanyama wanatazamwa alfajiri hadi saa nne, kisha tena kuanzia saa tisa na nusu. Katikati hapo, simba wamelala na wewe umelala, na ndizo saa bora za jua. Ukirudi kambini saa nne ukaegesha kivulini, ukatoa paneli mita kumi mbele kwenye uwazi, una saa tano kamili. Kwa ratiba ya mbugani, ya kubeba inaingia vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kinachoudhi ni ulinzi. Kambi za umma za Serengeti hazina uzio. Nyani na tumbili mchana wanataka kujua kila kitu kipya ni cha kula au si cha kula, na usiku fisi hutafuna chochote chenye harufu ya mtu. Mlinzi yeyote wa kambi atakuambia: "Mzee, hiyo ingiza ndani kabla giza halijaingia." Karibu na miji adui ana miguu miwili; pitisha mnyororo mwembamba kwenye fremu hadi kwenye rimu ya tairi, na usiende mbali. Upepo nao una mahali pake. Loiyangalani, pembeni mwa Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 ya upepo inazalisha umeme wa megawati 310, paneli ya kusimamisha lazima ifungwe kwa kamba na kigingi kama hema.

Kontrola ikae wapi

Hili ndilo linalotofautisha paneli ya kubeba inayochaji na ile inayong'aa tu, na maduka mengi hayakuambii.

Paneli nyingi za sanduku zinauzwa zikiwa na kontrola ndogo, kifaa kinachosimamia chaji inayoingia kwenye betri, imebandikwa mgongoni, na kutoka hapo waya mfupi wenye klempu mbili za betri. Mnunuzi anaona waya ni mfupi, anaunga mita kumi, anaegesha kivulini, anatandaza paneli juani, taa ya kijani inawaka. Jioni betri haijajaa. Kesho vilevile.

Kilichotokea ni hiki. Kontrola inasoma volti pale ilipo, mgongoni mwa paneli. Waya wa milimita 4 za mraba, mita kumi kwenda na kumi kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.09. Paneli ya wati 150 ikisukuma ampia 8, volti 0.7 zinabaki njiani. Kontrola inaona 14.4 na kuamini betri inakaribia kujaa, kumbe betri inapata 13.7. Inapunguza kasi mapema. Kwa waya wa milimita 2.5, ambao ndio utakaopewa ukiomba "waya wa sola" bila kutaja unene, unapoteza volti 1.1. Betri ya asidi inayolishwa hivi kila siku haijai hata siku moja, na betri ya asidi isiyojaa inaota sulfati na kufa.

Dawa ni kuihamisha kontrola. Ikae ndani ya kempa, karibu na betri, mita moja au pungufu. Waya mrefu ubebe volti 18 ghafi za paneli, zikipotea 0.7 humo hakuna anayelia, kwa sababu bado zipo nyingi kuliko betri inavyohitaji, na kontrola ya MPPT inageuza volti za ziada kuwa ampia. Ya PWM haigeuzi, inazikata tu, lakini hata yenyewe ikikaa karibu na betri itaijaza vizuri. Kati ya hizo mbili, MPPT inakuongezea asilimia 10 hadi 30 kulingana na paneli na hali ya hewa. Kwa paneli moja ya wati 100 tofauti hiyo haikutajirishi. Kuanzia wati 200, nunua MPPT.

Fundi mzuri wa Arusha akiona paneli ya sanduku ataanza hapohapo: "Bosi, hii kontrola ya mgongoni tunaing'oa. Ikibaki utarudi kwangu kununua betri." Kuing'oa ni kufungua skrubu nne na kuunganisha nyaya za paneli moja kwa moja kwenye plagi za sola ziitwazo MC4. Usiache kontrola mbili mfululizo, moja mgongoni na nyingine ndani, zitagombana. Kujua kama bado kuna iliyojificha, weka paneli juani bila kuunganisha na chochote, pima kwa mita: ukisoma volti 20 au 22, hiyo ni paneli yenyewe. Ukisoma 13 au 14, bado kuna kitu katikati.

Ukiwa na ya paani na ya kubeba pamoja, usiziunge mfululizo kwenye kontrola moja. Iliyo kivulini itaivuta iliyo juani. Kila moja ipewe kontrola yake, zote mbili ziingie betri moja, kila moja na fyuzi yake karibu na betri. Zinapatana bila shida mradi zimewekwa aina ileile ya betri. Na unapounga, betri kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Unapofungua, kinyume chake.

Mshindani ambaye hayuko juani

Watu wanalinganisha paneli kwa paneli na kusahau altaneta, ile mashine ya kwenye injini inayochaji betri ukiendesha. Chaja ya DC kwa DC ya ampia 30, ile inayochukua umeme wa altaneta na kuupanga vizuri kwa ajili ya betri ya nyuma, inatoa karibu wati 400. Saa moja ya kuendesha ni sawa na siku nzima ya paneli ya wati 100. Arusha hadi Seronera ni safari ya kutwa. Utafika betri imejaa hata kama kulikuwa na mvua njia nzima.

Anayehama kila siku, leo Mikumi, kesho Iringa, keshokutwa Mbeya, hana haja kubwa ya paneli. Chaja hiyo inamtosha, na masika ikianza ndipo atakapoishukuru. Usiruke chaja ukaunga betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta kupitia relei, yaani swichi ya umeme tu. Lithiamu inavuta ampia nyingi kiasi cha kuichemsha altaneta, hasa gari likiwa limesimama linaunguruma tu. Magari mapya yenye altaneta zinazoshusha volti zenyewe ili kuokoa mafuta yanaihitaji chaja zaidi, kwa sababu bila hiyo betri ya nyuma haipati volti za kutosha kujaa. Na tafadhali, kuwasha injini kambini saa moja jioni ili uchaji ni kuwanyima jirani usingizi kwa faida ndogo: injini ikiwa taratibu altaneta haitoi nguvu zake zote.

Mahali altaneta inaposhindwa ni siku ya pili ya kukaa. Siku ya tatu friji inaanza kulia.

| | Kioo cha paani | Sanduku | Kitambaa | Altaneta na chaja ya DC 30 A |
|---|---|---|---|---|
| Uzito wa wati 100 | kilo 6–8 | kilo 10–12 | kilo 4–5 | kilo 1–2 pamoja na waya mnene |
| Mavuno (Wh ni wati-saa) | Wh 350 kwa siku | Wh 400 na zaidi ukiigeuza | Wh 350–400 | Wh 400 kwa kila saa ya kuendesha |
| Gari likiwa kivulini | karibu hakuna | yote | yote | haihusiki |
| Kazi yako | kuifuta vumbi | kutoa, kugeuza, kufunga, kulinda | ileile, ila nyepesi | hakuna |
| Gari likiwa nyumbani mwezi | inatunza betri | haiwi na mtu wa kuitoa | vilevile | haina msaada |

Namba za mavuno ni za wati 100 kwa siku ya jua la kawaida. Siku za masika zigawe kwa mbili, wakati mwingine zaidi.

Basi uchukue ipi

Kama paa lipo wazi na unasafiri kwa kuchanganya, siku nyingine unahama, nyingine unakaa: weka kioo cha wati 150 au 200 paani, na chaja ya DC. Usiongeze ya kubeba mpaka umemaliza msimu mmoja na kuona unakwama wapi. Wengi hawakwami.

Kama una hema la juu au paa dogo linaloinuka, sanduku la wati 120 hadi 150 na waya wa mita kumi wa milimita 4, au 6 ukiupata. Hapo ya kubeba si nyongeza, ndiyo sola yako yote, kwa hiyo usibane pesa kwenye plagi na waya.

Kama unakaa sehemu moja yenye kivuli siku nne au wiki, mvuvi wa Kigoma, mtafiti, mtazama ndege wa Kakamega kwenye ule msitu mzito, ya paani haitakusaidia hata ukiweka wati 400. Pale Kakamega jua halifiki chini kabisa isipokuwa kwenye uwazi. Waya mrefu kuelekea uwazi ndio utakaokuokoa, na ya kubeba inastahili kila senti yake.

Wenye ile betri ya boksi yenye kila kitu ndani, inayouzwa na paneli yake ya kitambaa, wao wana jambo moja la kuangalia: volti za juu ambazo tundu lake la sola linakubali. Nyingi ndogo haziruhusu paneli mbili mfululizo, ambazo bila mzigo zinafika volti 44. Isome nyuma ya boksi, usimsikilize muuzaji.

Na uamuzi wowote utakaofanya leo, siku fundi anapofungua paneli za ukuta kupitisha waya wa paani, mwambie apitishe na wa pili, kutoka kwenye betri hadi tundu la nje lenye kifuniko cha mpira, upande ambao huwa haupigwi matope na tairi. Plagi ya Anderson ya ampia 50 inafaa, fyuzi upande wa betri, nafasi ya kontrola ya pili ikiachwa tupu ubaoni. Gharama yake siku hiyo ni waya mita tatu na nusu saa ya fundi. Ukisubiri mwaka kesho, ni kubomoa ukuta upya.